Msumari Nyuma ya Mlango

Mzee Magesa,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini miaka saba nilikuwaga siwashi mashine ya eksirei kabla sijakusalimu, na mdomo wangu haujazoea kunyamaza.

Mkeo Mama Nyangeta hajambo. Yeye na majirani wamehamishiwa kijiji kipya, kando ya barabara ya Bunda. Wewe umebaki peke yako kwenye mji wenu wa zamani, katikati ya pamba. Nilipita Jumapili, nikakupalilia kaburi kidogo, kisha nikaenda kumsalimia. Bado ananitumia chupa ya maziwa ya mgando akipata mtu wa kuja Musoma, na kizibo ni kilekile cha gunzi. Wewe ulikuwaga unasema maziwa yanaosha miale mwilini, na mimi nikayanywa hata siku ambazo tumbo limekataa. Daktari mpya kanicheka. Kasema maziwa ni chakula tu. Nilimchukia siku hiyo, na kwa mara ya kwanza nikakuchukia na wewe.

Sasa nikwambie kwa nini.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika ilikuja karatasi kutoka Dar, majibu ya beji zetu, zile tunazopewa tubane kifuani zipime miale inayotupiga. Yangu safi. Yako safi. Yaani wewe ambaye damu ilikuharibikia, ukakonda mpaka mkanda ukauzungusha mara mbili, karatasi inasema Magesa hana tatizo! Nilikaa sakafuni kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha nikacheka, halafu nikalia, hata picha ya mgonjwa niliyoiacha kwenye dawa ikawa nyeusi tii.

Beji zilikuwa safi kweli. Zilishinda kwenye msumari nyuma ya mlango, yako na yangu, wakati sisi tuko kwenye mashine. Wiki yangu ya kwanza ulinionyesha huo msumari ukasema, "Binti yangu, beji ikichafuka watatutoa. Tukitoka sisi, hawa watu atawapiga picha nani?" Nikaitundika. Nilikuona mtu mkubwa sana. Mama mjamzito akileta mtoto, ulimtoa nje ukamshika mtoto wewe mwenyewe asitikisike, na aproni nzima ya kuzuia miale ukanivika mimi, wewe ukabaki na ile iliyopasuka.

Lakini Mzee, unakumbuka mara ngapi tuliomba waongeze mtu? Kila mara jibu lilikuwa lilelile, kwamba chumba chetu hakina mzigo wala hatari, beji zinaonyesha. Tulisonya, tukawaita wa Dar watu wasio na huruma. Kumbe ni beji zetu wenyewe. Tulijificha vizuri mno, hata wa kutusaidia hakutuona. Hili ndilo ninalokulaumu, na najilaumu na mimi, maana nilikuwa na macho.

Tangu uende niko peke yangu. Asubuhi chai kavu, mchana chai kavu, jioni nanunua samaki furu wa kukaanga nawala nimesimama. Jumapili nalala mchana kutwa, nikiamka sijui ni saa ngapi wala nimtembelee nani. Harusi ya mdogo wangu kule Butiama sikwenda, kwa sababu lori la pamba lilipinduka siku hiyo na majeruhi wakaletwa kwetu. Hajaniandikia tena. Simlaumu.

Kuna kitu kibaya zaidi. Unakumbuka mfupa ulipoanza kujitokeza kwenye filamu, chini ya ile taa nyekundu, ulikuwaga unauambia, "Haya, karibu mgeni"? Kila siku ulisema, na kila siku nilicheka. Basi siku moja nilitoa picha ya mkono wa mtoto, nzuri, imetulia, picha ambayo ungeita watu waione. Nikaitazama. Sikusikia kitu moyoni. Hata uchovu sikuusikia. Hapo niliogopa, nikajua naja huko uliko, tena kwa njia ileile.

Kesho yake nikavaa beji. Niliivaa mwezi mzima, toka nafungua mlango mpaka naufunga. Siku ya kuipeleka posta nilijiona nakusaliti.

Majibu hayakungoja posta, yalikuja kwa simu ya upepo: beji imechafuka. Nimetolewa chumbani miezi mitatu, na mlango ukafungwa. Kila ulichokiogopa kimetokea, sikufichi. Siku ya pili tu alikuja mama wa Buhare, amembeba mtoto mguu umevunjika. Nikamwambia itabidi aende Mwanza. Akanitazama, akasema, "Sista, si wewe uko hapa?" Nikamjibu niko, lakini siwezi. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni akaelekea stendi. Sijui kama alifika. Mgongo wake nauona mpaka leo nikiwa nakula, na najua wewe ungeuvunja mlango ule ukampiga picha mtoto.

Sasa wa Dar wamejibu. Wanaleta watu wawili. Wawili, Mzee! Wa kwanza, mama mmoja kutoka Dodoma, anafika Jumatatu. Miaka yote ile tuliomba mmoja.

Jana niliazima nyundo kwa fundi seremala wa hospitali, nikaomba ufunguo, nikaung'oa ule msumari. Ulikuwa umeingia sana, uliupigilia kwa nguvu zako zote. Ukutani limebaki tundu, na fundi alitaka kuliziba. Nimemkataza.

Ninakuahidi hivi. Huyo mama akifika nitamwonyesha tundu kabla sijamwonyesha mashine. Nitamwambia alikuwepo Magesa, alishika watoto wa watu kwa mikono yake, na alitundika beji yake hapa. Yote mawili nitayasema, sitakupunguzia wala sitakuongezea. Maziwa nitagawana naye, kama chakula. Na miezi yangu ikiisha, siku nitakayorudi chini ya taa nyekundu, mfupa wa kwanza ukijitokeza, nitaukaribisha kwa sauti.

Pumzika, Mzee wangu. Foleni ya nje si yako tena.

Binti yako wa kazini,
Bhoke