Shati Jeupe la Masese

Jumanne, 2 Julai 1996

Phelesia amekuja. Amemgeuza mzee, amemkanda mguu, amempaka mafuta mgongoni. Ngozi safi — hata mtoto mchanga angeona wivu! Mwaka wa pili huu tangu Masese wangu apooze upande wa kulia, na hana kidonda hata kimoja. Hiyo ni kazi ya Phelesia. Jumanne na Alhamisi, mvua au jua. Serikali ndiyo inamlipa, kupitia ule mradi wa kutunza wazee na walemavu nyumbani kwao.

Leo aliingia kimya. Nikamuuliza, umefiwa? Akasema hapana, Dani — ndivyo kwao wanavyomwita nyanya — pesa za mradi zimekatwa. Afisa atakagua kila nyumba. Wenye shida zaidi watabaki, wengine mjipange.

Tujipange na nini! Mgongo wangu wenyewe unalia kama mlango.

Alhamisi, 4 Julai

Afisa ni Jumatatu. Phelesia amenishika mkono pale mlangoni: Dani, usifanye chochote. Wacha nyumba ikae vile inakaa.

Nimecheka. Mgeni wa serikali aje akute majivu na mikojo? Mimi nilizaliwa Kisii kwa mama aliyefagia hata njia ya ng'ombe. Alituambia, mgeni akikuta uchafu kwako, ni mume wako umemvua nguo sokoni.

Jumapili, 7 Julai

Jana Sabato nimepumzika, leo nimelipa. Nimesiriba sakafu upya kwa mavi ya ng'ombe. Nimeazima viti vinne kwa jirani yangu Jerusha, na vitambaa vyake vya kushonwa kwa mkono. Yeye naye anamtunza mama mkwe wake kipofu, wako kwenye mradi kama sisi. Nikamuuliza, wewe huandai? Akasema, mimi naandaa mdomo tu, Mama Mogire. Viti chukua vyote, sivihitaji.

Nimemnyoa Masese. Kisha shati jeupe. Alilishona mwenyewe, la mwisho kabla cherehani haijanyamaza. Huyu alikuwa fundi wa Uriri nzima! Pindo likienda upande kidogo, suruali haitoki dukani, hata mteja alie. Nilipofunga kifungo cha juu akasema, "Ee." Ndilo neno lake moja. Phelesia alilitafuta naye miezi minne.

Jumatatu, 8 Julai

Amekuja — na amekula! Anaitwa Edith. Msichana mwembamba, ana adabu, amenisalimia kwa mikono miwili. Nilimpa kuku, ugali wa wimbi, na mboga chungu niliyoilaza kwa maziwa. Masese ameketi kitini, mito huku na huku, shati linang'aa.

Akauliza nani anambeba mzee. Mimi. Mgongo je? Mzima. Usiku unalala? Nalala. Na watoto? Nikasema yuko Mogire, ana duka Homa Bay.

Duka! Ni meza. Anauza spoku za baiskeli kando ya barabara na ana watoto sita. Lakini utaanzaje kumwanika mwanao mbele ya mtu uliyemjua leo leo, na kuku wako bado yuko mdomoni mwake?

Ameandika, ameandika. Akasema, hongera Nyanya, natamani nyumba zote zingekuwa hivi.

Nimeosha vyombo nikiimba.

Jumanne, 9 Julai

Phelesia ameuliza afisa alikuta nini. Nikamwambia moja moja. Akarudia kila neno: Kuku? Shati jeupe? Duka Homa Bay? Akaketi chini kabisa. "Yawa, Dani! Umemwonyesha harusi!"

Nikamkasirikia. Nikamwambia akazae wake awafundishe hao. Alipomaliza kumkanda mzee nikamfungia mayai sita na hatukutazamana.

Alhamisi, 25 Julai

Barua.

Nimeisoma mwenyewe. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na kuni kichwani. Herufi nilizipata nina miaka sitini, kwenye darasa la gumbaru pale kanisani, kwa Kiswahili, na nilijivunia mpaka nikawachosha watu. Leo ningependa nisijue hata a. Kidole kimetembea polepole: Mgonjwa ni safi na yuko katika hali nzuri. Familia inajiweza. Huduma itasimama mwisho wa mwezi.

Hali nzuri! Mtu ambaye inzi akimkalia jicho la kulia ananingoja mimi.

Mama mkwe wa Jerusha amebaki. Edith alimkuta chini, kwenye majivu, na nyumba haina hata kiti cha kumkaribisha mgeni. Viti vilikuwa kwangu! Nimemwendea Jerusha na hasira zangu zote. Hakuficha: Mama Mogire, huyu sikumwogesha siku tano. Wewe ulipika, mimi nililia, kila mtu na kazi yake.

Nilitaka kumzaba kofi. Kisha yule bibi akaita maji kule ndani, na Jerusha akaniacha mdomo wazi, akakimbia. Nikamwona anavyomwinua kichwa, polepole, kama mtu ameshika yai. Kofi likaniishia mkononi. Nikarudi kwangu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemwangusha.

Nilikuwa namtoa kitandani, mguu ukateleza. Tumekaa wote wawili sakafuni mpaka wanaume wanaosaga unga pale posho mill wakaja kutuinua. Alikuwa ananipapasa goti kwa mkono mzima. Ati yeye ndiye ananipa pole mimi.

Jumatatu, 12 Agosti

Kidonda. Chini ya kiuno. Ukubwa wa kifungo cha koti.

Mogire ametuma salamu na vipande viwili vya sabuni. Nimemwombea. Ana sita.

Jumapili, 18 Agosti

Phelesia amepita, bila malipo, akitoka kuchota maji. Nikamfunulia. Kile kifungo sasa kinaingia ncha ya kidole. Amekiosha na maji ya chumvi.

Kumbe alienda Migori ofisini kutulilia. Wamekubali Edith arudi Jumanne, mara moja tu, aangalie tena. Phelesia akanishika mabega: Dani, kuanzia kesho usimwogeshe. Usimbadilishe. Viti vya watu visiingie humu. Na ukimpikia yule msichana hata chai, mimi na wewe basi!

Alikuwa analia na kunitisha kwa pamoja.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemweleza Masese. Miaka arobaini na minne sijawahi kumficha kitu, sikuona sababu ya kuanza leo. Nikamwambia, mzee, wakikukuta msafi watasema tena tunajiweza. Ni siku moja. Mimi nikifa kesho nani atakugeuza? Phelesia lazima arudi.

Hakusema "Ee".

Alitazama shati lake pale msumarini. Machozi yake hutoka jicho moja tu, lile la upande mzima.

Jumanne, 20 Agosti

Asubuhi. Amelowa tangu jana mchana. Harufu imejaa nyumba. Nimeketi na mikono mapajani kama mahabusu. Inzi wamejua njia. Nimewafukuza na khanga, kisha nikakumbuka hata hao niwaache. Nikawaacha. Mungu ameona.

Saa nne. Nimempa uji, amefunga mdomo. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemwita kwa jina la ujana wake. Amegeuza uso ukutani. Kisha ule mkono mzima ukapanda shingoni, vidole vikaanza kutafuta kifungo cha juu. Amevaa fulana. Fulana haina kifungo. Vidole vinatafuta tu.

Nimewasha moto. Nimesema ni wa chai yangu. Lakini nimebandika ile sufuria kubwa ya maji ya kuoga.

Gari limesimama kwa Jerusha. Wameanzia huko, kwa yule bibi kipofu. Namsikia Edith akipiga hodi, na Jerusha anamjibu kwa sauti ya kuita watu msibani, anamzungusha, karibu hapa, kwanza tazama hapa — nadhani ananivutia muda. Muda wa nini? Anadhani mimi bado naandaa uchafu?

Phelesia atanichukia. Kidonda kitakula mpaka mfupa. Najua. Mimi si mjinga.

"Ee," amesema Masese huko nyuma yangu. Sijamuuliza kitu.

Nimeingiza kiwiko kwenye sufuria, vile tulivyokuwa tunapima maji ya Mogire akiwa mchanga. Maji yako sawa. Sauti zao zimefika ua.