Kuku Waliokunywa Mvua

Metrine, uko? Mama ametoka kunisimulia kitu cha ule mwaka wa mvua za El Niño.

Unajua baba alipokufa, mashemeji zake mama walichukua ng'ombe wote, mimi nikapelekwa kwa nyanya huko Mbita. Mama akabaki na kuku. Kuku tu, Metrine! Nao wakaanza kuharisha kijani na kufa.

Akakanyaga matope mpaka kwa Hemed, yule wa duka la dawa za mifugo pale Sori. Hemed akampa unga wa manjano. "Changanya na maji ya kunywa, mama." Akachanganya. Wakaendelea kufa.

Akarudi akilia. "Dawa yako ni feki!"

Hemed akamuuliza, "Kwani wanakunywa?"

Mama akarudi nyumbani kuangalia. Beseni lilikuwa limejaa vile vile. Boma zima ni madimbwi, nani atagusa maji machungu ya dawa?

Walikuwa wanakunywa mvua! Dawa iko hapo, wao wanakunywa mvua!

Akawafungia chumbani kwake. Bado wakagoma. Akaketi sakafuni, akamshika mmoja mmoja, akampanua mdomo na kummiminia kwa kijiko. "Kunywa, nyathina, mwanangu. Kunywa, hata wewe usiniache." Siku baada ya siku, Metrine, peke yake.

Wachache walipona. Nikamuuliza kama alifurahi.

Akaniambia, "Walianza kuparuza sakafu wakitafuta chakula. Tangu baba yako aende, ndiyo mara ya kwanza nilisikia kuna mtu ndani ya nyumba."