Dodoso la Mzee Desderi Nililijaza Mimi

Sumbawanga,
Jumapili, nimetoka ibadani

Kwa dada yangu mpendwa Tumpe,

Shikamoo dada. Naomba Mungu karatasi hii ikukute umekaa jikoni kwako, mguu haukusumbui tena, na kifua cha baba kimetulia. Mimi ni mzima, namshukuru Bwana, ila upepo wa huku Ufipa unanichapa masikio mpaka natembea na kitenge kichwani kama mzazi aliyejifungua jana. Migomba ile ya nyuma ya nyumba ilipona na mvua ya mawe? Na Lusajo wangu anakusaidia kazi, au anakaa tu na simu?

Utauliza kwa nini sikupiga. Dada, wewe simu unaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, na hili nataka ulisome peke yako kwanza. Nampa mama mchungaji akuletee, anasafiri kesho. Nimekasirika, dada. Nimekasirika tangu Jumanne. Leo kwenye kwaya mwalimu amesimamisha wimbo akaniuliza, "Mama Lusajo, leo sauti ya pili inagombana na nani?" Na kinachofanya hasira isiishe ni kwamba nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Kazi yangu unaijua, masjala, kile chumba cha kutunza mafaili ya ofisi. Mwenzangu mle ndani ni Mzee Desderi, Mfipa wa hapa hapa, Mkatoliki wa misa ya asubuhi kila siku. Yeye si mwajiriwa wa kudumu, ana mkataba unaoongezwa kila mwaka. Nilipohamishiwa hapa nilikuwa sijui hata faili la wazi na la siri yanatofautianaje, ndiye aliyenifundisha, bila kunicheka.

Mle masjala tuna kabati moja la tafiti za wanafunzi. Kila mwaka wanakuja, wanauliza maswali, wanaondoka, halafu wachache wanatuletea nakala imefungwa vizuri na maandishi ya dhahabu. Mimi ndiye nazipanga, kwa hiyo majalada yake nimeyasoma. Masoko ya mtandaoni na mkulima wa mahindi. Motisha na utendaji wa watumishi. Ubunifu wa kidijitali na kuridhika kwa mteja. Inayofuata ni hiyo hiyo, imebadilishwa jina la wilaya tu. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kutuuliza kama yale aliyoandika yalitusaidia au yalituumiza.

Sasa mwaka jana akaja binti anaitwa Oliva, mtoto wa Namanyere. Alipiga goti mlangoni, goti kabisa, kama watoto wa huku wanavyofunzwa.

"Shikamoo mama. Nasoma biashara chuoni, mwaka wa mwisho. Nimeleta madodoso, yale makaratasi ya maswali. Yapo thelathini."

"Marahaba mwanangu. Na unatafiti nini?"

Akacheka kwa aibu. "Mimi nilitaka kuandika jinsi akina mama wanaouza ulezi pale sokoni kwetu wanavyowashika wateja wao mwaka hadi mwaka. Mama yangu ni mmoja wao. Msimamizi akasema hakuna kidijitali hapo, hakuna rasilimali watu, siyo mada ya sasa. Akanipa orodha. Nikachukua namba tisa."

Namba tisa, dada! Mtoto ana jambo lake analolijua tangu akiwa mgongoni, anaambiwa aliache achague kwenye orodha kama mtu anayeagiza chakula hotelini. Namba tisa ilikuwa mfumo wa kompyuta na utendaji wa watumishi maofisini. Hapo ndipo tulipoingia sisi.

Madodoso yakagawiwa. Wanne walijaza. Waliobaki, mmoja mmoja, wakaja dirishani kwangu. "Mama Lusajo, wewe una mwandiko na una moyo, nimalizie na hili." Afisa utumishi wetu, kijana msomi, mkubwa wangu, akaweka la kwake juu kabisa. "Na langu humo humo mama, tusimkwamishe mtoto wa watu."

Nikayajaza, dada. Ishirini na sita. Siku mbili, saa za chakula, mezani kwangu. Nilibadilisha kalamu, nyeusi, bluu, nyingine nikatia alama za vema kwa mkono wa kushoto, na nilikuwa nacheka peke yangu. Lilikuwamo la Mzee Desderi, alikuwa kwake kitandani na malaria, nikasema jina lake lisikose kwenye orodha. Na maswali yenyewe sikuyasoma. Kila mstari una vyumba vitano, kuanzia nakubali kabisa mpaka sikubali kabisa. Mtoto amepiga goti, nimwandikie sikubali? Nikashuka na nakubali kabisa kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayemwekea mgeni chakula mpaka sahani ijae. Niliona nimefanya wema. Hata nilimshukuru Mungu kwa nafasi ile, unisamehe.

Jumanne hii tumeitwa kikao. Afisa utumishi ameshika nakala ya utafiti aliyotuletea Oliva, akasoma kwamba watumishi wa ofisi hii, karibu wote, wanakubali kabisa kuwa kazi ya masjala inaweza kufanywa na mfumo bila kuhitaji mhudumu. Akafunga kitabu.

"Kwa hiyo Mzee Desderi, mkataba wako ukiisha mwisho wa mwezi huu hatutaongeza. Usione ni mimi, mzee wangu. Ni utafiti."

Mzee akasimama, akavua kofia. "Mkuu, na mimi niliulizwa?"

"Uliulizwa. Sote tulijaza, na jina lako limo kwenye orodha."

"Sikumbuki."

"Ndiyo hapo sasa, mzee. Mfumo hausahau."

Watu wakacheka. Dada, walicheka! Watu wale wale waliokuja dirishani kwangu na makaratasi yao matupu. Na mimi niliyekula sahani moja na yule mzee miaka yote hii nikatazama viatu vyangu. Alikaa chini taratibu, akaivaa kofia, akaivua tena.

Kesho yake, kana kwamba Mungu anataka nione vizuri, akaja mama mmoja mjane kutoka kijiji cha Kaoze. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa shule, anafuatilia mafao. Kijana wa kompyuta akaandika jina kwenye mfumo, hamna. Akaandika tena, hamna. "Mama, mumeo hayumo." Hayumo! Mtu ameishi naye, amemzika, anaambiwa hayumo. Mama wa watu akabaki ameshika mlango. Mzee Desderi akatoka ndani. "Mama, alilinda shule ipi? Mwalimu mkuu alikuwa nani wakati anaanza?" Akamjibu. Mzee akaenda rafu ya nyuma, akarudi na faili. Marehemu aliandikwa kwa jina la ubatizo ambalo kijijini hakuna aliyelitumia. Yule mama alipiga makofi ya shukrani, ameinama mpaka chini, na aliyepigiwa makofi ni mtu ambaye mimi nimeandika kwamba hahitajiki.

Usingizi uliniacha. Alhamisi nikaingia kwa afisa utumishi, nikafunga mlango.

"Mkuu, ule utafiti ni mimi."

"Una maana gani, mama?"

"Wale watu ishirini na sita waliokubali ni mimi. Nimejaza pale masjala, nakula maandazi."

"Punguza sauti."

"Na la kwako ulinipa mwenyewe."

Akapanga kalamu zake. Halafu akaanza kunionyesha upendo. Kwamba nikiendelea, binti wa watu atanyimwa shahada. Kwamba nitapewa barua ya onyo. Kwamba Mzee Desderi kachoka, apumzike tu. "Mama Lusajo, wewe ni mcha Mungu. Huoni kwamba unamharibia mtoto?" Hapo ndipo nilipochemka. Mungu wangu asitumiwe kama kufuli la kunifunga mdomo! Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Andika, lakini andika kosa lako peke yako."

Nilimpigia Oliva. Alilia. "Mama, nimeshawasilisha, imebaki sahihi ya msimamizi. Usinifanyie hivi."

"Mwanangu, ulipoyachukua yale madodoso hukuona kwamba mwandiko ni wa mtu mmoja?"

"Niliona."

"Na msimamizi?"

"Hafungui, mama. Anaangalia kama majedwali yametimia. Darasa zima tunafanya hivyo."

Sasa niambie, dada, hiyo ni elimu gani? Mwanafunzi anajua, mwalimu hafungui, mkubwa wangu anajua kwa sababu la kwake nimejaza mimi, halafu wote kwa pamoja wanamsomea mzee wa watu hukumu na kumwambia ni sayansi. Nilimwonea huruma yule binti, bado namwonea. Lakini yeye ni kijana, ataweza kurudi akauliza upya, tena nimemwambia akija nitamtembeza dawati kwa dawati. Mzee ana wiki mbili.

Kumwambia yeye mwenyewe ndiko kulikokuwa kugumu. Ijumaa mchana, anafunga mafaili kwa kamba, nikamweleza yote. Hakunyanyua kichwa mpaka nimemaliza.

"Ulilisoma swali lenyewe, Mama Lusajo?"

"Sikulisoma."

"Afadhali ungelisoma ukanikataa. Ningejua una sababu."

Dada, heri angenipiga. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi la mafaili nikamwomba radhi. Akanivuta mkono, akasema, "Inuka, watu watadhani nimekufa." Kisha akasema nikiandika hiyo barua niweke na jibu lake, kwamba leo ameulizwa na amekataa. Nimeliweka, kwa maneno yake mwenyewe, naye ametia sahihi pembeni.

Barua nimeiandika jana. Haimwendei afisa utumishi, inakwenda kwa mkuu wa ofisi nzima. Nimetaja kosa langu kwanza, halafu nimetaja kila aliyeniletea karatasi tupu, na dodoso la mkubwa wangu nimelitaja kwa cheo chake. Wenzangu wamesikia. Wawili wameacha kunisalimia, mmoja amenitumia ujumbe kwamba najifanya mtakatifu. Kama nitaonywa au nitarudishwa nyumbani, usishangae kuniona getini na sanduku, na usiniulize mbele ya watoto. Mzee Desderi mwombee kwa jina lake. Mimi niombee kesho nisigeuke nikifika na barua mlangoni kwa mkuu.

Nisalimie baba, mwambie mwanawe wa mwisho anamkumbuka kila akinywa chai. Nisalimie shemeji na mafundi wake wa matofali, mama mkubwa wa kule bondeni, na mzee wa kanisa aliyenibatizia Lusajo. Lusajo mwenyewe mpe barua hii asome, lakini baada yako.

Naishia hapa dada, mkaa wa pasi umeshashika na gauni la kesho bado sijalinyoosha.

Mdogo wako akupendaye,
Bupe