Manyoya ya Mishale ya Mujomba

Siku ya ine, Bulengera

Lakini ile kole, gundi yangu ya kubandika soli, ilishika muzuri! Miye niko fundi ya viatu, najua kole. Kwa kila mushale ya mujomba nilibandika manyoya tatu, kisha nikazungusha uzi mbele na nyuma juu yasibanduke.

Leo asubui mujomba Paluku alikuja kuichukua. Makako, nyani ba pori, banamumalizia mahindi mu shamba yake kule Masereka. Alivuta nyoya moja, likakataa kutoka, akakasirika.

"Mwipwa, unataka baniue? Kwa bariyere ya njia, basoda ba serikali batasema niko mutu ya pori, mwasi. Toa manyoya yote, ibaki fimbo tu. Nitabandika miye mwenyewe shambani."

Donc nilibandua yote kwa kisu. Iliniuma roho. Fimbo tulizifunga pamoja sawa miti ya kupandishia maharagi. Manyoya tulitia mu sakoshi, mufuko yake ya begani, na kipande ya bulimbo ya muti yenye atapasha moto kule, akaenda.

Mangaribi nikaona mujomba anarudi, soda moja na bunduki nyuma yake. Nikawaza: ni zile fimbo.

Kumbe kule kwa bariyere soda fimbo hakuziangalia hata. Alifungua tu sakoshi, akaona manyoya, akauliza: "Kuku yenyewe iko wapi?" Mujomba akamuleta kwetu.

Masika, muke yangu, alimupatia kuku yetu ya mayai, moja tu tulibaki nayo. Soda aliinyonyoa hapa hapa mulangoni, akaenda nayo.

Masika anakataa kusema na miye. Mujomba amelala.

Manyoya nimeyaokota. Ni ya nguvu kupita ile ya kwanza.