Kelele za Maabara na Sumaku Iliyoelea

MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa linalochunguzwa: kumshambulia mlinzi na kujaribu kuchoma jengo
Jina: kama lilivyo kwenye jalada. Umri: miaka 31. Jinsia: Ke. Kazi: mtafiti, maabara ya fizikia ya chuo. Makazi: mtaa wa nyuma ya soko la nguo.

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ingawa askari wa mapokezi ameniuliza mara mbili kama nimelewa. Sijalewa. Nimefurahi.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa tisa alasiri, nilikuwa maabara na mwalimu wangu, ambaye sasa yuko mahabusu. Tulikuwa tunapima kidonge cheusi, ukubwa wa kifungo cha koti, tulichokioka wenyewe tanurini kwa unga wa oksidi ya bismuthi, shaba na madini mengine. Kikipozwa sana, kidonge cha aina hii hupitisha umeme bila kuuzuia hata chembe, na huisukuma sumaku isikiguse. Ndivyo vitabu vinavyosema. Vidonge vyetu vilikuwa vinakataa katakata. Vingine vilitoka vimepasuka, vingine vizima lakini havifanyi lolote, na wakuu walishatuambia chumba chetu kitageuzwa stoo muhula ukiisha.

Safari hii tulikiacha tanurini muda mrefu zaidi, kwa moto wa chini kidogo. Nikakimiminia nitrojeni ya majimaji, ambayo ni baridi kuliko barafu yoyote. Hiyo ndiyo iliyotoa mvuke mweupe uliopita chini ya mlango. Haukuwa moshi. Hakuna kilichoungua.

Namba kwenye kipimo, zinazoonyesha umeme unazuiwa kiasi gani, zikashuka polepole, halafu zikaporomoka hadi sifuri. Mwalimu akasema, "Waya umechomoka." Nikakagua, haukuchomoka. Akasema, "Kagua tena, mwanangu." Nikakagua tena. Ndipo akashika sumaku ndogo kwa koleo, akaiweka juu ya kidonge. Haikukigusa. Ilikaa hewani, ukitaka unapitisha karatasi chini yake. Nilipitisha.

Hapo tukapiga kelele. Mlinzi anasema alidhani watu wanauana. Simlaumu, mimi nilikuwa nimepanda juu ya kiti.

Alipofungua mlango, mwalimu alimrukia akamkumbatia, akataka kumbeba juujuu. "Imeelea, ndugu yangu! Imeelea!" Mlinzi ni mtu wa mwili, na mwalimu anakaribia kustaafu. Wote wawili wakaenda chini. Hakuna aliyerusha ngumi. Kofia ya mlinzi ilikanyagwa kweli, lakini aliyeikanyaga ni mimi.

Askari walipofika, mwalimu hakujitetea. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, jambo ambalo nadhani lilizidi kuharibu. Akipandishwa garini aliniambia, "Usimpigie mama. Nataka nimwambie mwenyewe." Mama ni mke wake, ambaye miaka yote hii amekuwa akila chakula cha jioni peke yake kwa sababu yetu. Naomba mwalimu aachiwe kabla mama hajasikia kwa majirani.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, nimeyakubali, na ninatia sahihi.
(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya afisa: Nimeandika maneno ya shahidi kama alivyoyasema. Mlinzi ameondoa malalamiko kwa sharti la kununuliwa kofia mpya. Mtuhumiwa ameachiwa, na kwa ombi lake ameruhusiwa kutumia simu ya kituo. Alisema kwa sauti ya chini, "Mke wangu, imeelea." Kelele za mwanamke zilizofuata zilisikika hadi chumba cha mahabusu. Sikuona haja ya kuzifungulia jalada.