Tumekulilia Tena, Mama

Mama,

Shuleni walitufundisha kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali, halafu unamwambia kwamba na wewe hujambo. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi na yote mawili yamenishinda. Hali yako naijua. Yangu siwezi kukuficha, maana hata ulipokuwa hai hukuwahi kudanganyika.

Nakuandikia kwa sababu kaburi lako halipo tena.

Hadi wiki ya Pasaka, nikitaka kuongea na wewe nilikuwa nateremka mgombani, nang'oa majani mawili matatu yaliyoota ubavuni mwako, nasema yangu, narudi. Sasa pale ni tope jeusi na mawe. Migomba mingine imelala, mingine imesimama mizizi juu. Nimejaribu kukisia ulipo na sijui hata ni upande gani. Nimeona uyasikie kwangu kabla ya kuyasikia kwa wengine, maana najua huko uliko wambea nao wamefika, tena kina shangazi ndio wa kwanza.

Watu hawajamaliza kubishana kuhusu kilichokuua. Mchungaji anasema Mungu alikupenda zaidi. Bwana shamba anasema ni mvua za siku hizi, hazinyeshi tena kama zamani, zinamwagika zote kwa mkupuo. Baba anasema ni yeye. Kahawa ile ya juu ya nyumba aliing'oa kwa mikono yake, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja na mizani zao, bei leo hivi kesho vile, na mbolea ya mkopo ikakatika. Kila ninapomwambia kwamba Lufingo yetu nzima iling'oa, anachukua kofia yake anatoka. Ni kweli lakini. Mteremko wote ulivuliwa nguo, kahawa na miti ya kivuli na mianzi, vikapandwa viazi vya malori ya Dar. Ulisimama mlangoni umeshika kiuno ukamwambia, "Baba Tusekile, mlima umeunyoa kipara, mvua ikija itateleza." Akacheka, na wewe ukacheka. Viazi vile tulivila na kuviuza sote. Hata robota langu la kwanza la mitumba pale sokoni Bulyaga lilitokana navyo.

Basi masika yakaja, mlima ukashuka mchana kweupe ukalifukia jiko na wewe ndani. Baba alikuwa barabarani Kyimo na magunia yake, anasubiri lori. Waliokufukua ni wanawake wenzako wa kikundi cha kuzikana. Majembe hayakutosha, wakachota udongo kwa zile sufuria kubwa za misiba, zile ulizokuwa unazitunza na kutufokea tukizigusa. Moja imepinda ukingo hadi leo. Hakuna anayekubali ipelekwe kwa fundi.

Tulikuzika mgombani karibu na nyumba, kama tunavyozika wote. Matanga yalipokwisha, viongozi wakaja wakasema nyumba zote za chini ya mlima zihamie kwenye mwinuko wa juu karibu na shule. Majirani wakahama mmoja mmoja, wanabeba milango na mabati. Baba akakataa. Nilifunga kibanda changu Bulyaga nikarudi nyumbani kumbembeleza, na nilimbembeleza kwa kila namna, kwa chakula, kwa machozi, kwa kununa. Siku moja akanijibu, "Siku ile nilimwacha peke yake. Simwachi tena." Akaendelea kumenya ndizi. Ungeisikia sauti yake, Mama, usingebishana naye. Mimi nilibishana, kwa sababu masika mengine yalikuwa yanakuja na sikutaka kumfukua mtu mwingine.

Mama Lusajo ndiye aliyerithi sufuria zako. Unamjua rafiki yako, haombi ruhusa ya kusema. Kikao cha kwanza tu baada yako alisimama akasema, "Sisi tunamfikia mtu akishakufa. Kuni tunaleta, ndizi tunaleta, machozi tunaleta. Jembe mbona hatuleti mapema?" Ikapita kuwa kanuni. Kazi ya mlimani ikahesabiwa kama msiba, na asiyefika bila sababu, naye akifiwa ataangaliana na kuta zake. Wanaume ambao mkutano wa kijiji hawajaukanyaga miaka na miaka wakaonekana alfajiri na majembe begani. Tukachimba matuta ya kukinga maji, tukapanda mianzi na miti. Baba alikuja pia. Alilalamika kutwa kwamba kwa kutochimba matuta hayo hayo wakoloni waliwatoza wazee wao faini, na huku analalamika tuta lake likawa limenyooka kuliko yote.

Lakini mianzi haioti kwa kuharakishwa. Ilibidi tuwe na namna ya kuwatoa watu haraka mlima ukianza kuleta dalili, wale waliobaki chini na wale wanaoshinda mashambani. Dalili yenyewe wanawake waliijua: chemchemi ya chini ya nyumba yetu, ikitoa tope siku isiyo na mvua, usisubiri. Siku ile yako ilitoa tope tangu asubuhi. Tuliambizana hivyo msibani, kila mmoja aliiona na kila mmoja akachota maji kwingine akaenda zake. Kwa hiyo kuona tuliona. Tulikosa namna ya kuitana.

Hapa utacheka, na mimi nataka ucheke. Mtendaji akasema tutumie filimbi ya mgambo. Tukafanya jaribio. Filimbi ikalia, na wanaume wote wa chini wakatoweka. Walidhani ni msako wa kodi ya maendeleo. Walikimbilia kujificha korongoni, Mama, pale pale mlima ungewafukia wote kwa mkupuo! Tulikaa tunawaita hadi jua likazama na hakuna aliyetoka. Tukajaribu kengele ya kanisa. Kwa kengele kila mtu alijua ana nafasi ya kuoga kwanza.

Mayowe huleta vijana, wanakuja na marungu wakidhani ni mwizi. Kitu kimoja tu hapa kwetu kinamtoa kila mtu kila alipo, hata aliyegombana na wewe, hata mgonjwa anayejikongoja. Ni kilio cha wanawake. Nikalisema hilo kikaoni. Wakanitazama kama nimetukana. Mama Lusajo akaniambia, "Tusekile, kilio hakichezewi. Ukimlilia mtu mzima, unamwita kaburini."

Nikasema, "Basi tumlilieni Mama. Yeye hawezi kufa tena."

Sijui lilitoka wapi neno lile. Lilitoka tu, na likishatoka halirudi. Mama Lusajo akatoka nje, akakaa huko, akarudi macho mekundu, anajipangusa kwa ncha ya kitenge. Akakuita kwa jina, "Subilaga gwe, ewe Subilaga, hata katika kufa kwako bado unatumwa." Hivyo ndivyo ilivyokubaliwa. Atakayeiona chemchemi imechafuka atupe ndoo alie kwa jina lako, na atakayesikia alipokee, liende kutoka kilima hiki hadi kile, na watu wote wapande kwenye uwanja wa shule kama wanavyokwenda msibani.

Sikumuuliza Baba. Aliyasikia kwa watu. Siku kadhaa hakuitikia salamu yangu, halafu jioni moja akasema bila kunitazama, "Jina la mke wangu mmelifanya filimbi." Nisamehe na wewe, kama lilikuuma.

Wiki ile ya Pasaka ikaja asubuhi moja ya jua. Mvua ilikuwa imenyesha bila kukoma, siku nyingi mfululizo, kisha usiku uliopita ikakatika ghafla, na watu walishaanza kuanika nguo. Mimi nilikuwa juu, karibu na shule, nakandika udongo kwenye kibanda nilichokuwa namjengea Baba kwa nguvu, atake asitake. Nikasikia kutoka chini.

"Subilaga gwe! Subilaga gweee!"

Mama, mimi ndiye niliyelitunga jambo lile. Nilijua maana yake. Lakini niliutupa udongo nikajifunga kitenge kama anayekwenda msibani, kwa sababu masikio hayakujua. Yalisikia tu kwamba umekufa.

Ilikuwa sauti ya Mama Lusajo. Ikapokelewa korongoni, ikapokelewa ng'ambo, na watu wakaanza kupanda, wenye watoto mgongoni, wenye majembe, mmoja ana povu la sabuni nusu ya uso. Nikamtafuta Baba kwa macho. Nikamwona ametoka nje ya nyumba. Hakupanda. Alikwenda mgombani akasimama kwako. Watu wanampita, wanamwita, yeye amesimama. Nikaanza kuteremka na wanawake wakanikamata mikono, na kanuni hiyo ya kutomruhusu mtu kuteremka niliipigia kura mwenyewe. Nikajua amechagua kubaki na wewe.

Sikuwa na kingine, nikalia. Nililia jina lako kwa nguvu zote nilizozaliwa nazo, na wanawake wote wa uwanjani wakalipokea. Sijui yaliyokuwa moyoni mwa Baba. Labda aliona aibu, labda hofu ilimshika, hajasema. Ninachojua ni kwamba kwetu mfiwa hukaa kilio kilipo. Mkewe analiliwa juu kule, yeye atakaa wapi peke yake? Nikamwona ameinama, akagusa udongo wako, akageuka, akaanza kupanda. Mwanzoni alitembea. Baadaye akakimbia, mzee yule, mikono yote kichwani, naye analia jina lako kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume.

Alipofika kwenye miti ya shule mlima ukashuka. Upande wa kina Mama Lusajo matuta yalishika, nyumba zao zipo. Wetu ulikuwa umeoza ndani kwa ndani, ukaja na kila kitu, mianzi yetu michanga, matuta ya Baba, nyumba, migomba, na wewe.

Tukaanza kuitana majina, nyumba kwa nyumba. Wote walikuwepo. Hata bibi yule kipofu wa korongoni alikuwepo, analaumu kwamba hajafunga kuku. Mama Lusajo akainua mkono akasema, "Nyamazeni sasa. Hakuna aliyekufa." Watu wakanyamaza, wengine wakaanza hata kucheka, wanakumbatiana.

Mimi na Baba hatukunyamaza. Tuliketi chini pale pale uwanjani. Kila mtu alikuwa amepata wake, na sisi ndio kwanza tunakupoteza. Mwaka ule nilipokuzika sikulia vile, nilikuwa na wageni wa kulisha na Baba wa kushika. Nililia siku ile, Mama. Wenzako wakaja wakaketi nasi, mmoja mmoja. Jioni kuni zikaletwa na ndizi zikaletwa bila mtu kuagiza, zikapikwa katika sufuria zako.

Baba sasa anakaa nami hapa juu. Anakula, analala, anafuga kuku wawili. Mwanzoni alikuwa anaamka na jembe anataka kwenda kukutafuta. Alikwenda hadi kikaoni kuomba, akavua kofia mbele ya wanawake. Mama Lusajo alimjibu kwa upole ambao sikujua anao. "Shemeji, hakuna atakayeteremka pale, si masika wala kiangazi. Pale tutapanda miti na tutapaacha." Baba akavaa kofia yake. Juzi aliniomba nimletee machipukizi ya mianzi kutoka kwa watu wa Kyimo, na ameyapanda mstari mzima kwenye ukingo wa juu, mahali tulipokubaliana watu wasivuke.

Lakini jana, tukiwa tumeketi kuota jua la jioni, aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Aliuliza, "Mimi mtanizika wapi?"

Unajua alivyokuwa amepanga. Alikuwa ameacha nafasi upande wako wa kushoto, hata mgomba hakupanda pale. Nikataka kumdanganya. Nikataka kusema tutaona, Mungu mkubwa, udongo utatulia. Nikamwambia, "Hapa juu, Baba." Aligeuza uso upande wa shule, kisha akauliza kama kuku wameingia.

Basi nakuaga, Mama. Ndaga fijo, asante sana, kwa jina lako. Masika yakirudi tutakulilia tena ikibidi, na watoto tumeshawafundisha, wanakuita ingawa hawakukujua. Ahadi niliyo nayo kwako si ile ambayo ungependa. Nakuahidi Baba atakufa kwa uzee, kitandani, mchana, nami nimemshika mkono. Na siku hiyo nitamzika huku juu, mbali na wewe. Mtalala mbalimbali, Mama, na mimi mwanenu ndiye nitakayewatenganisha.

Mwanao,
Tusekile