Kikombe Chako Juu ya Kishikio

Mpendwa Baba Mwende,

Jana niliangusha sindano mara tatu nikitia mkanda kwenye kikapu changu cha kiondo, na mara ya tatu nikacheka peke yangu. Wajukuu wakatazamana, wakadhani bibi yao akili zimeanza kumtoka. Nimeona heri nikuandikie wewe uliyetutangulia, kwa sababu ni wewe tu ungejua nilichokuwa nakicheka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ulikuwa fundi wa leth, ile mashine ya kukereza chuma, kwenye ile karakana ya mabati kando ya barabara ya Jogoo, nami nilikuwa nikishona mikanda ya ngozi kwenye vyondo pale sokoni Kariokor. Mwaka mmoja mlikuwa mnakereza shafti za pampu za maji. Ulizozikereza asubuhi ziliingia kwenye tundu la beringi sawasawa. Za baada ya saa nne zilitoka nyembamba kidogo, nusu ya unywele tu, lakini kwa shafti nusu ya unywele ni kama mguu ndani ya kiatu cha mtu mwingine. Zikawa zinacheza, na wateja wakazirudisha.

Mwenye karakana alikuheshimu, ndiyo maana alikuita kando. "Mzee, mkono umechoka," akakuambia. "Nakupa mpaka Jumamosi. Zikirudi tena mashine nampatia mwingine, wewe nikuweke kwa geti."

Hukunieleza siku hiyo. Ulifika nyumbani, mtaani Maringo, ukavua koti, ukaniomba sindano na uzi. Ukatunga, ukauchomoa, ukatunga tena. Marehemu baba yako alichonga vinyago kule Ukambani mpaka mikono ikaanza kumtetemeka, akamaliza miaka yake ya mwisho bila kushika patasi. Basi nilijua ulichokuwa unakitafuta kwenye tundu la sindano, na niliogopa kama wewe.

"Mama Mwende, mkono wangu unauonaje?" ukaniuliza.

"Nauona mzima," nikajibu. Nilikudanganya. Alhamisi nilikwenda kwa akina mama wa kanisa nikawaomba wauombee huo mkono, na nikawaambia wasikuambie.

Ijumaa nilifunga kazi mapema nikakuletea muthokoi wa mahindi na maharagwe. Nilikukuta umeinamia mashine kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Kikombe chako cha bati kilikuwa mahali pake, juu ya kishikio, kile chuma kinene kinachobana kisu cha mashine. Nilikinyanyua nikifuta pa kuweka chakula. Kilikuwa na moto.

"Chai ya saa nne hii?" nikauliza. "Na sasa ni saa saba?"

"Hapo ndipo jiko langu," ukasema bila kugeuka. "Haipoi hapo."

Nikagusa kishikio, nikaondoa mkono upesi. "Haki, kama ni kuombewa, huyu ndiye wa kuombewa. Ana homa."

Ulikuwa mtu wa kucheka utani wangu hata ukiwa mbaya. Siku hiyo hukucheka. Ulitazama pembeni, kwenye lile jiko la makaa mlimokuwa mkichoma pete za chuma zifure, ndipo mzivishe kwenye shafti zikipoa zibane. Kazi hiyo uliifanya miaka na miaka. Ulitazama jiko, ukatazama kishikio, ukasema neno moja tu: "Kumbe."

Mganga hajigangi, Baba Mwende. Wewe uliyejua kuliko watu wote kwamba chuma kikipata moto hufura, hukuwahi kufikiri kwamba kilichoshika kisu chako nacho ni chuma. Kila kilipopata joto kilirefuka, kikakisukuma kisu mbele, na kisu kikala shafti zaidi ya ulivyokipimia. Juu yake wewe ukaongeza kikombe cha chai ya moto.

Hukula muthokoi wangu. Ulikirudisha kisu ndani kisitoe shingo ndefu. Ulifungua lile bomba la maji ya kupoza mashine ulilolifunga kwa sababu lilikulowesha mashati, na mwoshaji mashati ni mimi, basi na mimi nina sehemu yangu katika kosa hilo. Jumamosi asubuhi uliiacha mashine izunguke bure kwanza, ipate joto lake, ndipo ukapima. Kila shafti uliingoja ipoe kabla ya kuipima.

Mwenye karakana alizijaribu zote kwenye beringi, moja moja. Ya mwisho alipoirudisha mezani alisema, "Sawa, mzee," akaenda zake.

Ulifika nyumbani jua halijashuka. Ukasimama mlangoni. "Ni chuma, Mama Mwende. Si mimi." Nilikaa kitini nikalia, na wala sikuona haya. Nilikuwa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya mlima. Jioni hiyo nilikuungamia habari za akina mama na maombi yao. Ukasema warudi tena wakaombee kikombe.

Toka siku hiyo ulinitungia uzi kila jioni, si kwa kujipima tena, kwa kupenda tu. Hata mwaka uliotuacha, macho yalipokuwa yamefifia, mkono ulikuwa umetulia. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikishika sindano.

Mkono unaotetemeka sasa ni wangu. Jana sindano ilipoanguka mara ya tatu nilijigusa kiganja nione kama kina moto. Kilikuwa baridi. Ndipo nikacheka, maana safari hii hakuna kishikio cha kusingizia, ni uzee, nami naupokea. Mwende wetu alikuwa amekuja kunitazama. Akaichukua sindano mikononi mwangu, akatunga mara moja, akanirudishia huku akiendelea kuongea. Hakujua nilikuwa natazama mkono wa nani.

Pumzika, fundi wangu. Kikombe chako nakinywea mimi, nakiweka mezani.

Mkeo,
Mama Mwende